Angeweza kutovuka ule mto?

Januari mwaka 49 KK Julius Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake, na kwa sheria za Roma jemadari haruhusiwi kuingia Italia na askari wake, kwa hiyo kule kuvuka tu tayari ni vita. Hilo ni kweli na hakuna wa kubisha. Ni kweli pia kwamba ukijumlisha pembe tatu za pembetatu unapata digrii 180. Zote mbili kweli, sawa, lakini hazikai sawa kichwani. Hii ya pembetatu huwezi kuigeuza hata ukijitahidi vipi, ukiigeuza unakuwa huongelei tena pembetatu. Ya Caesar unaigeuza vizuri tu: anafika ukingoni, anatazama maji, anageuza farasi anarudi alikotoka. Hakuna kinachogongana hapo, ni kwamba tu haikutokea hivyo.

Wanafalsafa wanaiita ile ya pembetatu ukweli wa lazima, na hii ya Caesar mi naiita tu ukweli wa kutokea, yani umetokea lakini ungeweza usitokee. Ukiisikia mara ya kwanza unaona kitu kidogo hiki, unakariri unapita. Ila karne ya 17 huko Ulaya watu wenye akili kubwa kweli walikaribia kuipoteza hii tofauti kabisa, na kuna jamaa mmoja, mwanafalsafa wa Kijerumani Gottfried Wilhelm Leibniz, alihangaika karibu miaka 40 kuirudisha. Nampenda sana huyu mzee, nimemsoma kwa muda sasa, japo nadhani hakufika pale alipodhani amefika.

Shida ilianzia pande mbili. Upande mmoja yupo René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa. Tarehe 15 Aprili 1630 anamwandikia Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyekuwa anaandikiana barua na karibu kila msomi wa enzi zile, anamwambia hata kweli za hesabu zimewekwa na Mungu kama mfalme anavyoweka sheria kwenye ufalme wake. Mwezi uliofuata akasogea mbele zaidi: Mungu alikuwa huru kufanya mistari yote inayotoka katikati ya duara kwenda ukingoni isiwe sawa, huru vilevile kama alivyokuwa huru kutoiumba dunia. Rudia kusoma hapo polepole. Maana yake hata digrii 180 zetu ukizifuata mpaka chini kabisa unakuta amri, na amri ingeweza kuwa nyingine. Descartes mwenyewe anajitetea, anasema Mungu habadiliki kwa hiyo akishaamuru imeamuriwa, ila kwa kweli mtu akishasema hivyo kuhusu duara sioni kitu gani kinabaki cha lazima.

Upande wa pili Baruch Spinoza, ambaye jumuiya yake ya Kiyahudi pale Amsterdam ilimfukuza mwaka 1656 akiwa na miaka 23 tu, akaishi kwa kusaga lenzi na kuandika. Kitabu chake kikubwa, Ethica, kilitoka 1677, mwaka huohuo aliokufa, marafiki zake ndo walikichapisha. Kauli ya 29 ya sehemu ya kwanza inasema kwenye maumbile hakuna kitu cha kutokea tu, kila kitu kimeamuliwa na ulazima wa asili ya Mungu kiwepo na kitende hivyo kinavyotenda. Ukifika kauli ya 33 anakaza zaidi, vitu visingeweza kutoka kwa Mungu kwa namna nyingine wala kwa mpangilio mwingine. Na sisi tunaosema "ah ingeweza kuwa vingine", tunasema hivyo kwa sababu hatujui sababu zote zinazohusika. Kwa hiyo Caesar kuvuka mto na digrii 180 ni mambo ya aina moja, tofauti iko kwenye ujinga wetu.

Mmoja amefanya karibu kila kitu kiwe cha kutokea, mwingine amefanya kila kitu kiwe cha lazima. Leibniz katikati.

Na sio kwamba alikuwa anawaangalia kwa mbali. Mei 1671, kijana wa miaka 24, alimwandikia mtu anaitwa Magnus Wedderkopf barua kuhusu Pilato, kwa nini Pilato amelaaniwa. Akafuata sababu moja baada ya nyingine, hii kwa sababu ya ile, ile kwa sababu ya nyingine, mpaka akafika kwa Mungu, na kwa kuwa Mungu anachagua kilicho bora basi chochote kilichotokea, kinachotokea na kitakachotokea ni bora, na kwa hiyo ni cha lazima. Kwa hiyo! Hilo "kwa hiyo" ndilo lililomsumbua maisha yote. Baadaye alirudi kwenye nakala yake ya barua ile akaandika kwamba ameshalisahihisha hili, maana dhambi kutokea kwa uhakika ni jambo moja, na kutokea kwa lazima ni jambo jingine. Mi naona kanotisi kale kadogo ndo mbegu ya falsafa yake yote kuhusu hili suala. Kitu kinaweza kuwa na uhakika asilimia mia bila kuwa cha lazima.

Novemba 1676 akiwa njiani kutoka Paris kwenda kuanza kazi Hannover alipita Den Haag akaonana na Spinoza mwenyewe, akamsomea na karatasi aliyoandika kuthibitisha kwamba kiumbe mkamilifu kuliko wote anawezekana. Spinoza alikuwa amebakiza miezi michache tu ya kuishi. Leibniz akija kuitaja safari ile mwaka 1710 anasema aliokota vihadithi vizuri vizuri kuhusu siasa za wakati ule. Siasa! Kila nikifika hapo nacheka, yani umekaa na Spinoza chumbani ukatoka na umbea wa siasa? Ila ukikumbuka kwamba kuonekana karibu na Spinoza enzi zile kulitosha kukuharibia jina unamwelewa.

Sasa twende milimani. Harz, kaskazini mwa Ujerumani, kuna migodi ya fedha iliyokuwa inajaa maji, na Leibniz alikuwa amemshawishi bosi wake, mtawala wa Hannover, kwamba atatengeneza vinu vya upepo vya kuyatoa. Mradi ulikula miaka na hela na ukafa. Mwanzoni mwa 1686 akiwa huko, ana siku kadhaa hana la kufanya, akaandika kijitabu tunachokiita leo Discours de métaphysique, yani mazungumzo kuhusu metafizikia, falsafa ya asili ya vitu vyote. Halafu akachukua vichwa vya habari vya sehemu zake 37, vichwa tu jamani, akamtumia mtawala mmoja Mkatoliki, Ernst wa Hessen-Rheinfels, amfikishie Antoine Arnauld. Huyu Arnauld alikuwa padri na mwanatheolojia wa Ufaransa, mzee wa miaka 70 na kitu, yuko mafichoni nje ya Ufaransa kwa ugomvi wa kidini, na hakuna aliyekuwa mkali kwenye hoja kama yeye.

Kichwa cha 13 ndo kilileta balaa. Leibniz anasema kila mtu ana dhana yake kamili, na ndani ya dhana hiyo yamo mambo yote yatakayompata milele. Ndani ya kuwa Caesar mna Rubicon, mna ushindi wa vita vya Pharsalus, mna udikteta, mna na visu vya maseneta. Sentensi yoyote ya kweli, anasema, ni ya kweli kwa sababu kinachosemwa kimo tayari ndani ya anayesemwa. Mungu akiitazama dhana ya Caesar anasoma maisha yake yote.

Arnauld alijibu tarehe 13 Machi, ana mafua, hana subira, na jibu lake ni kali mpaka unamwonea Leibniz huruma. Kama ni hivyo, alisema, basi Mungu akishaamua kumuumba Adamu, yote yaliyowapata wanadamu na yatakayowapata yalibidi na yanabidi yatokee kwa ulazima uliozidi hata ulazima wa majaaliwa. Akamalizia kwa kumshauri aachane na hizi metafizikia, ashughulikie wokovu wake arudi kwenye Kanisa Katoliki. Leibniz, Mlutheri, ilimuuma. Arnauld baadaye aliomba radhi kwa ule ukali, lakini swali hakuliondoa.

Na swali ni gumu kweli. Kama kuvuka mto kumo ndani ya dhana ya Caesar kama vile pembe tatu zilivyomo ndani ya dhana ya pembetatu, tofauti iko wapi sasa? Si tumerudi kwa Spinoza kwa mlango wa nyuma?

Jibu la Leibniz lilikuja kutoka sehemu ambayo hakuitegemea, kwenye hesabu. Kumbuka huyu ndiye aliyevumbua kalkulasi, hesabu inayoshughulika na vipande vidogo bila mwisho (na Newton naye kwa upande wake, ugomvi wao siuingilii leo), ya kwake aliitoa gazetini mwaka 1684. Mambo ya kisichokuwa na mwisho yalikuwa ni kazi yake ya kila siku. Katika karatasi aliyoiandika karibu 1689 kuhusu uhuru anasimulia kwamba alikuwa karibu sana na wale wanaosema kila kitu ni cha lazima kabisa, na kilichomvuta asidumbukie ni kufikiria vitu vinavyowezekana ambavyo havipo, havikuwepo na havitakuwepo. Anataja riwaya: hadithi ya kutunga isiyojipinga yenyewe inawezekana, hata kama haina nafasi popote katika ulimwengu huu. Kisha mwanga mpya ukaja, kwenye uwiano wa namba.

Iko hivi. Chukua mbao mbili, moja futi 6 moja futi 4, unataka kipimo kitakachozipima zote mbili bila kubakiza. Unapima fupi kwenye ndefu, inabaki futi 2. Unaipima hiyo 2 kwenye ile ya 4, inaingia mara mbili, hakuna kilichobaki, umemaliza, kipimo chao cha pamoja ni futi 2. Njia hii ni ya zamani, imo kwa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Sasa chukua mbao nyingine mbili, moja urefu wa upande wa mraba, nyingine urefu wa mstari unaokatiza mraba huohuo kutoka kona mpaka kona. Pima fupi kwenye ndefu, inabaki kipande, pima kipande kwenye fupi, kinabaki kipande kidogo zaidi, pima hicho, kinabaki kingine, na kingine, haifiki mwisho leo wala kesho wala milele. Hazina kipimo cha pamoja. Ila uwiano wao upo, wa kweli kabisa, sio wa kubahatisha.

Leibniz akasema ndivyo kweli zilivyo. Ukweli wa lazima ukiuchambua unafika mwisho, hatua zinahesabika, unakuta kitu kimesemwa kuwa ni chenyewe na biashara imeisha. Ukweli wa kutokea ukiuchambua haumaliziki. Kwa nini Caesar alivuka? Kwa sababu ya alivyokuwa, na hali ya siasa, na askari wake, na kilichowaleta hao, na kila kimoja kina sababu zake, na ulimwengu wote uko ndani ya kila sababu. Kinachosemwa kimo ndani ya anayesemwa, ila huwezi kukifikia kwa uthibitisho unaoisha. Halafu kuna hapa pazuri zaidi: hata Mungu haoni mwisho wa uchambuzi huo, kwa sababu mwisho haupo! Anachofanya ni kuuona mfululizo wote kwa mara moja.

Nilivyokutana na hii mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Ni wazo zuri mno. Shida ni kwamba uzuri wake unakulevya, na ukilevuka unaanza kuuliza maswali. Kwanza, urefu wa uthibitisho unahusiana nini na kama Caesar angeweza au asingeweza? Kile Leibniz alichosema kimo ndani yake kimo tu, iwe kukifikia ni hatua 3 au hatua zisizo na idadi, haijaniambia bado kwamba angeweza kurudi. Pili, tuseme naichambua dhana ya Petro, dhana kubwa isiyo na mwisho, sawa, ila ni nani amesema lazima nianze mbali? Huenda kitu cha kwanza kabisa nitakachokitoa humo ni "yule aliyemkana Yesu". Nimemaliza kwa hatua moja. Ina maana Petro alimkana Yesu kwa lazima kwa vile mi nimebahatisha pa kuanzia? Watu wanaomsoma Leibniz siku hizi wamebishana sana kuhusu shimo hili, wengine wamejaribu kuliziba kwa kusema kuchomoa kimoja haitoshi, ni mpaka uthibitishe kwamba dhana nzima haijipingi na hiyo kazi haiishi. Inawezekana. Lakini hapo naona tumeshaanza kuweka viraka.

Kwa hiyo mi naona kilichomwokoa sio infiniti, yani kule kutokuwa na mwisho, ni kile cha mwanzo, vile vitu vinavyowezekana na havikutokea. Na ile notisi ya kwenye barua, kwamba uhakika sio sawa na ulazima. Hizi mbili zinafanya kazi hata ukizitoa kwenye vitabu. Msibani kwetu utamkuta wa "angewahishwa hospitali" na wa "siku zake zilifika" wamekaa mkeka mmoja, na mara nyingi huyu wa pili ndiye anayefunga mazungumzo, sikio la kufa halisikii dawa, basi watu wanainamisha vichwa. Kumfariji mfiwa sawa, ila mtu akiigeuza ikawa sababu ya kutompeleka mgonjwa hospitali hapo ndo tunakutana na kitu wazee wa Ugiriki walikiita hoja ya mvivu: kama nimepangiwa kupona nitapona niite daktari nisiite. Leibniz kwenye kitabu chake Théodicée cha 1710 anaijibu vizuri sana, kwamba kinachokuja hakiji bila sababu zake, kama kupona kumo kwenye mpango basi na dawa imo kwenye mpango na kuhangaika kutafuta gari saa nane usiku kumo pia. Ukitoa sababu huwezi kudai matokeo yabaki palepale.

Hapohapo lakini anaharibu. Kwenye dibaji ya kitabu hichohicho anaipa hoja ya mvivu jina la majaaliwa ya Kimuhamadi, kwa sababu ati Waturuki hawakimbii hata sehemu yenye tauni. Alirudia tu yaliyokuwa yanasemwa mitaani Ulaya kuhusu Waturuki. Angeuliza watu wangemsimulia kisa kilichomo kwenye Sahihi Bukhari, karne ya 7 hiyo, Khalifa Umar bin Khattab yuko njiani kwenda Sham, anaambiwa kuna tauni huko, anashauriana na watu, anaamua warudi. Abu Ubayda bin Jarrah anamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar anajibu ndio, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa ngamia kwenye bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani moja kame, ukiwalisha huku ni kwa kadari na ukiwalisha kule ni kwa kadari. Jibu lile la Leibniz, zaidi ya miaka 1000 kabla yake, na kwa maneno machache zaidi.

David Hume, Mskoti, yeye 1748 alikuja akayakata haya mambo kwa kisu kimoja: kuna mahusiano ya mawazo na kuna mambo ya tukio, na "jua halitachomoza kesho" ni sentensi isiyojipinga hata kidogo. Safi, imenyooka, inafundishika. Ila Hume hakuwa na Mungu wa kumtetea wala dhana kamili ya Caesar wa kumbeba, kwa hiyo mzigo wake ulikuwa mwepesi.

Théodicée inaisha na hadithi ambayo ningependa kila mtu aisome. Sextus, mtoto wa mfalme wa mwisho wa Roma, anamlalamikia Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, kwa nini amepangiwa uovu. Anaambiwa ukiacha kwenda Roma majaaliwa yako yatakuwa mengine. Hataki, anakwenda. Kuhani anayeitwa Theodorus ameyasikia hayo yote, hajaelewa, anatumwa Athens akalale kwenye hekalu la Pallas, na ndotoni mungu mke huyo anamwonyesha jumba lenye umbo la piramidi. Kila chumba ni ulimwengu mzima unaowezekana. Kwenye chumba kimoja Sextus ameenda Korintho, amenunua bustani ndogo, akiilima anakuta hazina, anazeeka tajiri na watu wanampenda. Chumba kingine yuko Thrace, ameoa binti wa mfalme, anarithi ufalme. Piramidi ina kilele ila chini haina kitako, inashuka tu bila mwisho, kwa sababu ulimwengu ulio bora upo lakini mbaya kuliko zote hakuna. Na kileleni ni ulimwengu wetu huu, ambamo Sextus anaenda Roma, anambaka Lucretia, na kutokana na uovu ule wafalme wanafukuzwa na Jamhuri inazaliwa. Theodorus anazimia kwa uzuri wake. Mi nilimfikiria Lucretia, ambaye kwenye jumba lote lile hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa angalia. Yule mwenye bustani Korintho ni nani? Kama kila mtu ana dhana moja kamili yenye kila kitu ndani yake, basi mwenye bustani ana dhana nyingine, na mwenye dhana nyingine ni mtu mwingine. Leibniz mwenyewe anakubali, hao ni akina Sextus wa kufanana fanana tu. Kwa hiyo tukisema Sextus angeweza kutokwenda Roma, tunachosema ni kwamba Mungu angeweza kumuumba jamaa mwingine anayemfanana ambaye hakwenda. Huyu aliyesimama mbele ya Jupiter hilo linamsaidia nini?

Arnauld alishaligusa hili mapema kabisa, kwenye barua ya Mei 1686. Alisema siwezi kuelewa hivi mnavyosema kuna mimi wengi wanaowezekana, mmoja ana watoto kadhaa na ni daktari, mwingine mseja na mwanatheolojia. Mimi ni mimi. Kuoa au kutooa ni mambo ambayo mimi huyuhuyu ningeweza kuyafanya na nikabaki mimi. Leibniz akamjibu kwa barua ndefu za Julai, na tarehe 28 Septemba mzee Arnauld akaandika kwamba ameridhika na maelezo kuhusu lile lililomshtua mwanzo, akahamia kwenye maswali ya roho na mwili. Nimezisoma zile barua za Julai zaidi ya mara moja nikitafuta sentensi iliyomridhisha, na bado sijaiona. Nadhani alichoka, au alimwonea aibu kijana aliyemjibu kwa heshima namna ile baada ya kutukanwa.